Una saa chache Addis Ababa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ndugu na jamaa wanaosafiri kwenda Ulaya, Marekani, China au Afrika Magharibi hunipigia simu wakishakata tiketi: "Napitia Addis, nasubiri ndege mchana kutwa. Nifanye nini?" Nimepita Bole, uwanja wa ndege wa Addis, mara nyingi, nikienda na nikirudi, na kila mara nawaona watu wetu wamelala kwenye viti, koti limefunika uso, saa zinakatika. Wakati huohuo, kwa mwendo wa teksi usiozidi nusu saa, kuna mifupa ya miaka milioni 3.2, kuna kahawa inayokaangwa mbele ya macho yako, na kuna mji ambao saa yake inahesabiwa kama ya kwetu. Naandika hapa majibu ninayowapa.

Neno moja la kuepusha mkanganyiko: nikiandika "saa 8" kwa tarakimu nina maana ya urefu wa muda. Nikiandika "saa nane mchana" kwa maneno nina maana ya saa ya ukutani, kwa hesabu yetu ya Kiswahili.

Nisubiri kwa muda gani ndipo itoshe kutoka nje?

Saa 8 na kuendelea, toka. Chini ya saa 6, kaa ndani. Kati ya hapo inategemea moyo wako na foleni ya siku hiyo.

Tuchukue mtu mwenye saa 10. Uhamiaji asubuhi, ndege nyingi zikiwa zimetua kwa mpigo, unaweza kula saa 1 na nusu. Lazima uwe umerudi uwanjani saa 3 kabla ya ndege kuruka. Barabarani, kwenda na kurudi, toa saa 1. Zinabaki saa 4 na nusu. Hizo ndizo saa zako za kutembea. Mwenye saa 6 akipiga hesabu hiyohiyo anabakiwa na nusu saa, na nusu saa haifai kumtoa mtu jasho.

Kosa ninaloliona zaidi ni la watu kupanga sehemu saba. Panga mbili, na ya tatu iwe ya kuketi. Mji huu una vilima na foleni, na ukiukimbilia hutauona.

Nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza. Wenye pasipoti za Ulaya na Marekani, wakiwemo ndugu zetu waliochukua uraia huko, wanahitaji. Wengine angalieni nchi yenu kwenye tovuti ya serikali, evisa.gov.et, na ombeni hapohapo. Ziko tovuti za madalali zinazofanana nayo na zinatoza pesa juu ya pesa, kwa hiyo soma anwani herufi kwa herufi kabla ya kuingiza namba ya kadi.

Angalia tarehe ya kuwasili unayoijaza. Ndege inayotua saa saba usiku imeshaingia tarehe ya kesho yake, na mashine ya uhamiaji inafuata tarehe hiyo.

Kitabu cha njano cha chanjo kinahitajika?

Kibebe. Ethiopia inakidai kwa wanaotoka nchi zenye homa ya manjano, na nyingi za kwetu zimo. Kisha kuna upande wa kurudi ambao watu huusahau: Ethiopia yenyewe imo katika orodha hiyo, na Tanzania hudai cheti kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi ya namna hiyo, hata kama alikuwa anapita tu. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, maana kabla ya hapo cheti hakihesabiki.

Ni kweli Ethiopian Airlines wanatoa hoteli bure?

Kwa kawaida huwapa hoteli abiria wanaosubiri kuanzia saa 8 hadi 24, ikiwa safari nzima iko kwenye tiketi moja na hapakuwa na ndege ya mapema zaidi ya kuwaunganisha. Ukichagua mwenyewe ndege ya kuchelewa ili utembee, usitegemee. Uliza siku ya kukata tiketi na upate jibu la maandishi. Ukifika Bole, nenda kwenye dawati la abiria wa kuunganisha kabla ya kufuata umati wa uhamiaji.

Ukipata hoteli, oga, kunywa chai, toka. Usijinyooshe kitandani "dakika kumi" baada ya kusafiri usiku kucha.

Mizigo yangu mikubwa je?

Ikiwa tiketi ni moja, mizigo inapitiliza hadi mwisho wa safari. Uliza pale unapoipima, na usome kibandiko: kiwe na alama ya uwanja unaoishia, si ADD, ambayo ni ya Addis. Maana yake ni kwamba sweta, dawa, chaja na viatu vya kutembelea viwe kwenye begi la mkononi. Sweta hasa. Nitalirudia hili mbele.

Kuhusu saa: dereva aliniambia "saa tatu". Ni ipi?

Hapa sisi tuna neema ambayo msafiri wa Ulaya hana. Waethiopia huhesabu saa kama sisi. Siku inaanza jua linapochomoza, saa ya kwanza baada ya alfajiri ni saa moja, mchana katikati ni saa sita. Hata neno lenyewe ni ndugu: wao husema *se'at*, sisi saa. Ukimsikia muuza duka akisema *sost se'at*, ni saa tatu ileile unayoijua tangu utoto.

Tatizo linaanza mkizungumza Kiingereza. Safari yangu ya pili nilipanga na dereva, kwa Kiingereza, anifuate hotelini anipeleke uwanjani. Akasema atakuja saa mbili, nami kwa masikio ya Kiingereza nikasikia saa nane mchana. Nikakatisha matembezi, nikarudi hotelini mbio, nikasimama mlangoni mvua ikininyeshea. Saa nane ikapita, saa tisa ikapita. Akaja saa mbili usiku kamili, hakuchelewa hata dakika moja. Alikuwa ametamka kwa Kiingereza saa ya kwao, ambayo ndiyo saa ya kwetu.

Tangu siku hiyo nauliza: mchana au usiku? Nikiwa na shaka naandika kwenye simu kwa mtindo wa uwanja wa ndege, 20:00, na kumwonyesha. Tiketi, mabango ya uwanjani na kompyuta za hoteli hufuata mtindo huo. Mtaani wanafuata jua.

Addis iko kwenye saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo Dar, Nairobi na Kampala hamgusi mshale. Mnaotoka Bujumbura, Kigali, Goma au Lubumbashi songezeni mbele saa 1. Wa Muscat na Dubai rudisheni nyuma saa 1.

Na kalenda? Risiti yangu ina mwaka wa ajabu.

Kalenda yao iko nyuma ya hii ya kimataifa kwa miaka 7 au 8 kutegemea mwezi, na ina miezi 13: kumi na miwili ya siku 30, na wa mwisho wa siku 5, au 6 mwaka mrefu. Mwaka mpya wao huangukia Septemba 11 au 12. Risiti si mbovu.

Kwa msafiri kinachohitaji uangalifu zaidi ni sikukuu. Krismasi yao ni Januari 7. Timkat, sikukuu ya ubatizo, kwa kawaida ni Januari 19. Meskel, ya kupatikana kwa msalaba, kwa kawaida ni Septemba 27, na jioni ya kuamkia siku hiyo uwanja wa Meskel hujaa watu na barabara kuzunguka hufungwa. Ukibahatika kuwapo Timkat, acha makumbusho, nenda kaone maandamano. Lakini jiongezee saa 2 za kurudi uwanjani. Februari nako, wakuu wa nchi wanapokutana kwa mkutano wa Umoja wa Afrika, misafara yao husimamisha magari bila taarifa.

Nina saa 4 au 5 za kutembea. Niende wapi?

Anza na Makumbusho ya Taifa, upande wa Arat Kilo. Jengo ni la kawaida na mwanga wake si mkali, lakini shuka chini kabisa. Hapo ndipo alipo Lucy, ile mifupa ya miaka milioni 3.2 niliyoitaja mwanzo, ambaye Waethiopia humwita Dinknesh, yaani "wewe ni wa ajabu". Alipatikana Novemba 1974 huko Hadar, jimbo la Afar, na kundi la Donald Johanson. Kilichopo nyuma ya kioo mbele yako ni nakala; mifupa yenyewe imehifadhiwa kando. Hata hivyo simama. Kuna nakala mbili, moja imelazwa, moja imesimamishwa, na ile iliyosimama inamfikia mtu mzima kiunoni au juu yake kidogo. Kimo chake kilikuwa kama mita 1.1. Mbavu ni vipande, taya ni kipande, goti liko, na goti hilo ndilo lililowaambia wataalamu kwamba alitembea kwa miguu miwili. Kwa sisi tuliokulia na habari za Olduvai na fuvu alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, ni kama kukutana na ndugu wa bonde lilelile la ufa, ila huyu ni mkubwa kwa zaidi ya miaka milioni moja.

Nimewahi kumwona pale mzee wa makamo, kwa lafudhi nadhani wa Mwanza, amemshika mjukuu mkono mbele ya kioo. Mtoto akauliza, "Babu, huyu ni nani?" Mzee akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Huyu ni bibi yetu." Wakaendelea kusimama.

Kutoka hapo nenda Piazza, mji wa zamani. Kanisa kuu la Mtakatifu George, lenye pembe nane, lilijengwa baada ya vita vya Adwa, na Haile Selassie alitawazwa humo mwaka 1930. Karibu yake kuna jumba jipya la kumbukumbu ya Adwa, lililofunguliwa Februari 2024. Ukiwa na nafasi ya jumba moja tu baada ya Lucy, chagua hili. Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la mfalme Menelik wa Pili na mkewe Taytu liliwashinda Waitalia, na nchi ikabaki huru wakati bara zima likigawanywa. Sisi tunaye Mkwawa, aliyewavunja Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na tunajua yalivyoishia miaka saba baadaye. Ukipita mle ndani utaona ushindi kama ule wa Lugalo ulivyoweza kudumu, na itakugusa.

Usishangae kuona sehemu za Piazza zimevunjwa. Mwaka 2024 mji ulianza kubomoa na kupanua barabara kwa kasi, na ramani za zamani zimepitwa. Mtaa uliosimuliwa na rafiki yako huenda haupo tena.

Nina siku nzima. Niongeze nini?

Mlima Entoto kwanza. Uko juu ya mita 3,000, una msitu wa mikaratusi, na ndiko Menelik alikokuwa na makao kabla Taytu hajachagua mahali pa chini penye chemchemi za maji moto mwaka 1886 na kupaita Addis Ababa, ua jipya. Nenda asubuhi kabla ya mawingu.

Kisha makumbusho ya ethnolojia ndani ya Chuo Kikuu, Sidist Kilo, katika jumba lililokuwa ikulu ya Haile Selassie. Chumba chake cha kulala kipo, kitanda kipo. Nje kuna ngazi za saruji zinazopanda na kuishia hewani: Waitalia walizijenga walipoirudia nchi na kuikalia kuanzia 1936, kila ngazi mwaka mmoja wa utawala wa Mussolini, na mfalme aliporudi akaweka simba wa Yuda juu yake. Sikuamini mpaka nilipoziona. Hatua chache tu nje ya lango kuna mnara wa Yekatit 12, wa waliouawa na Waitalia Februari 1937. Picha zilizochongwa chini yake si za kupita haraka.

Unity Park, ndani ya uwanja wa ikulu ya Menelik, ilifunguliwa 2019 na inawafaa wenye watoto, maana kuna simba wa Ethiopia wenye manyoya meusi shingoni.

Merkato, soko kuu, ni kubwa kiasi kwamba saa 2 hazikupeleki popote. Ukienda, nenda na mwenyeji, na ufuate kitu kimoja: viungo, au vikapu, au vyuma chakavu vinavyofuliwa upya. Mwenye haraka asiende.

Naweza kuingia Umoja wa Afrika kuona sanamu ya Mwalimu?

Sanamu ya Nyerere ilizinduliwa Februari 2024 ndani ya uwanja wa Umoja, karibu na jengo la Amani na Usalama lenye jina lake. Ndani huingii bila mwaliko. Utauona mnara ukiwa barabarani, na hapo usitoe kamera bila kuuliza walinzi.

Kilicho karibu zaidi na msafiri ni Africa Hall, jengo la 1961 ndani ya viwanja vya Umoja wa Mataifa. Ndimo viongozi wa nchi 32 walimosaini mkataba wa kuanzisha OAU, uliotangulia Umoja wa Afrika, Mei 25, 1963, Mwalimu akiwa mmojawapo. Limekarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2024, na vioo vya rangi vya msanii Afewerk Tekle, mita za mraba 150, vinatosha peke yake kuwa sababu ya kwenda. Ziara huombwa mapema, na utahitaji pasipoti mlangoni. Nikisimama mbele ya vile vioo nakumbuka kwamba tangu Februari 2022 Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na najisikia nimefika kwetu.

Ile shughuli ya kahawa, inafaa kuipa muda?

Ipe saa nzima. Kama ni lazima upunguze kitu, punguza makumbusho ya pili, usipunguze hii.

Wao huita kahawa *buna*, nasi tunajua buni. Mara ya mwisho nilikaa kwenye kibaraza kimoja cha barabarani nyuma ya Arat Kilo, viti vya kimo cha kigoda, majani mabichi yametandazwa sakafuni. Mama aliyekuwa anapika alikuwa na shuka jeupe kichwani lenye ukingo wa kijani. Aliziosha buni mara mbili, akazimwaga kwenye kikaango cheusi juu ya jiko la mkaa, akawa anazitikisa bila kuziangalia, masikio yake ndiyo yanayopika. Zilipoanza kupasuka na kung'aa mafuta, alisimama na kikaango akamzungushia kila mtu moshi, nawe unauvuta kwa mkono kuelekea puani. Kisha kinu. Kisha *jebena*, mdila wa udongo wenye shingo nyembamba. Pembeni ubani unafuka kwenye chetezo kidogo. Bisi zikaletwa, badala ya zile kashata zetu.

Vikombe havina mkono, kama finjani za wauza kahawa wa Forodhani au Mji wa Kale Mombasa. Mizunguko ni mitatu kutoka kwenye buni zilezile: wa kwanza *abol*, mzito, wa pili *tona*, wa tatu *bereka*, mwepesi. Huu wa tatu ni baraka, neno letu kabisa. Ukinyanyuka baada ya kikombe cha kwanza umekatiza. Kwa hiyo kabla ya kuketi tazama saa.

Mwenye dakika kumi tu aende Tomoca ya Piazza, mkahawa wa tangu 1953, ambako wateja hunywa wamesimama. Kahawa ni nzuri sana. Lakini ni jambo jingine.

Chakula? Na halali?

Injera ni mkate mwororo wa unga wa tefi, nafaka ndogo ya huko, uliochachushwa, uchachu wake ukikaribia wa uji wa chachu. Huwekwa kwenye sinia moja, mboga na mchuzi juu yake, mnamega kwa mkono wa kulia. Mwenyeji akikulisha tonge mdomoni, hiyo ni *gursha*, ni heshima; pokea.

Mwislamu atambue kwamba Wakristo na Waislamu hapa hawali nyama ya machinjo ya wenzao, kwa hiyo uliza hoteli ni ya nani. Kuzunguka msikiti wa Anwar, Merkato, migahawa ya Kiislamu ni mingi. Njia rahisi zaidi ni chakula cha mfungo, *ye-tsom*: Jumatano, Ijumaa na Kwaresima nzima Wakristo wa Orthodox hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na kila mgahawa hupika sinia la dengu, kabichi, mboga za majani na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu. Agiza *beyaynetu*, ndilo jina la sinia hilo. Ni tamu, ni rahisi bei, na haina shaka.

Kitfo ni nyama ya kusaga isiyoiva. Wenyeji wanaipenda na sina neno nayo, lakini mwenye ndege ya saa 7 au zaidi mbele yake aombe iliyoiva.

Usafiri wa mjini ukoje?

Chukua teksi ya programu ya simu, kama Ride au Feres, au umwombe mtu wa mapokezi akuitie. Zile daladala za buluu na nyeupe ni za bei ndogo sana na makondakta wanaita vituo kwa Kiamhari. Ukiwa na haraka zitakuchanganya. Dereva mmoja wa kutwa, mkikubaliana bei kabla ya kuwasha gari, ndiye anayenifaa mimi zaidi. Huegesha, husubiri, hujua barabara gani imefungwa leo.

Pesa nibebe zipi?

Dola, noti safi zisizo na mikunjo. Shilingi zetu usizitegemee. Badilisha kidogo benki ya uwanjani, na utunze risiti. Bei sikuziandika hapa kwa makusudi: tangu Julai 2024 birr, pesa ya huko, iliachwa ipande na kushuka na soko, na kiwango cha leo si cha mwezi ujao. Atakayekufuata mtaani akikupa kiwango kizuri zaidi, mkatalie.

Wakenya wengi huuliza M-Pesa. Ipo Ethiopia, lakini ni akaunti nyingine ya huko. Laini yako ya Nairobi haitakulipia teksi.

Ninunue laini ya simu?

Kwa siku moja si lazima. Pakua ramani ya Addis nyumbani, ifanye kazi bila intaneti, na uandike jina la hoteli kwenye karatasi kwa herufi za Kiamhari. Wi-Fi ya hoteli itakutosha kwa mengine.

Kuna baridi?

Ndiyo, na watu wa pwani huwa hawaniamini. Addis iko mita 2,300 na zaidi juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Nairobi. Usiku wa Julai, mvua za *kiremt* zikiwa zimekolea, ukitoka na shati la Dar utatetemeka. Sweta na kofia ya mvua, kama nilivyosema.

Kimo hicho pia hukata pumzi. Mtoto wa Tanga akipanda ngazi mbili atahema kama aliyekimbia. Apunguze mwendo, anywe maji. Mwenye moyo dhaifu au mjamzito aache Entoto. Mzazi mzee nisingemtoa nje bila saa 12 kamili mkononi na gari la mlangoni.

Ni salama?

Kwa mchana, katikati ya mji, nimetembea peke yangu nikiwa mwanamke na sikupata shari. Vibaka wapo Merkato, Piazza na kwenye vituo vya daladala. Mchezo wao ni kukushughulisha: mmoja anakusonga na karatasi au pakiti za peremende kifuani, mwingine yuko mfukoni. Simu iwe ndani, pasipoti iwe ndani zaidi. Habari za mapigano mikoani ni za kweli, na ndiyo sababu nasema ukiwa na siku moja baki mjini.

Usipige picha ikulu, askari, wala uwanja wa ndege. Usibebe droni wala darubini, forodha wanazizuia.

Nivae nini kanisani?

Mabega na magoti yafunikwe, mwanamke awe na mtandio, viatu vivuliwe mlangoni. Khanga moja kwenye begi inamaliza kazi yote, na mara mbili nimeulizwa na kina mama wa pale nimeinunua wapi.

Maneno gani ya Kiamhari yanifae?

*Selam*, salamu. *Ameseginallehu*, asante; ni refu, lakini ukijaribu tu uso wa mtu unafunguka. *Sint new*, bei gani. *Ishi*, sawa. Kwa kuomba radhi, *yikirta*.

Ndege yangu inatua jioni na kuondoka alfajiri. Kuna la kuona usiku?

Makumbusho yatakuwa yamefungwa. Nenda mgahawa wa ngoma za asili, kama Yod Abyssinia upande wa Bole, usio mbali na uwanja. Wachezaji hubadilisha mavazi kabila hadi kabila, na ule mtikiso wa mabega wa *eskista* utaujaribu ukirudi chumbani. Kula, tazama, rudi kabla ya saa nne na nusu.

Nirudi uwanjani saa ngapi hasa?

Uwe mlangoni saa 3 kabla. Bole wanakagua mara ya kwanza pale unapoingia jengoni, viatu na mkanda chini, kisha kuna uhamiaji, kisha ukaguzi wa pili. Usiku, ndege za Ulaya na Marekani zinapokaribia kuondoka pamoja, mistari hiyo yote inajaa kwa wakati mmoja. Pasi ya kupandia ndege ya pili iwe tayari mkononi tangu asubuhi. Ukinunua kahawa mbichi au ya kusaga mjini, iweke juu kabisa ya begi, maana watataka kuiona, na ukiwa na kilo mbili zimezama chini ya nguo utafungua kila kitu mezani huku wa nyuma yako wakisubiri.